Mafunzo ya huduma shufaa kwa jamii: maswali tunayoulizwa kila mara

Ukurasa huu umetokana na simu. Tangu tuanze kufundisha huduma shufaa vijijini Tanzania, tunaulizwa yaleyale na wauguzi wa zahanati, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa madrasa na wazee wa kanisa, na zaidi ya wote na watu ambao mgonjwa yuko chumba cha pili wakati wanatupigia. Anayeandika ni muuguzi na mkufunzi. Palipoandikwa "mimi" ni mimi, palipoandikwa "sisi" ni timu nzima.

Huduma shufaa ni nini?

Ni huduma anayopewa mtu mwenye ugonjwa mzito unaotishia uhai wake, pamoja na watu wa nyumbani kwake, ili maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, hofu, ada za watoto na maswali ya roho visimmalize kabla ya ugonjwa wenyewe. Haiharakishi kifo wala haikichelewishi. Inaanza ugonjwa unapogundulika, sambamba na mionzi, ARV au dawa za moyo. Wanaoileta siku daktari anapofunga faili wamechelewa.

Jina hili nalipenda. Shufaa ni kumsimamia mtu, kumwombea mbele ya mwenye uwezo. Lina sauti ya karibu na shifa, ambayo ni uponyaji, na watu wengi huyachanganya. Shifa hatuwezi kuiahidi kila mara. Kumsimamia mtu tunaweza mpaka dakika ya mwisho.

Kwa nini mnaiita kazi ya afya ya jamii? Si kazi ya madaktari bingwa?

Hesabu ndiyo inayotulazimisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu milioni 56.8 wanahitaji huduma shufaa, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Pengo la namna hiyo halizibwi kwa kumsubiri bingwa mmoja mmoja amalize masomo. Kwenye surua hatukusubiri bingwa wa watoto afike kila kitongoji. Watu wengi walifundishwa kazi ndogo inayoeleweka, chanjo ikasogezwa karibu, na serikali ikaandika sera. Maumivu ya mwisho wa maisha nayo yanataka njia hiyohiyo.

Mwaka 1990 shirika hilo lilitoa mwongozo wa kujenga huduma hii nchi nzima. Ulisimama juu ya mambo matatu: sera ya serikali, mafunzo, na dawa kupatikana. Baadaye likaongezwa la nne, utekelezaji wenyewe. Mimi huyaita mafiga, maana jifya moja haliinjiki chungu, na hili nililijifunza kwa uchungu. Tuliwahi kufundisha wauguzi wa wilaya moja kwa siku tano. Walielewa vizuri, wakafaulu mtihani, wakarudi vituoni kwao. Miezi mitatu baadaye nilipita kuwatembelea. Muuguzi mmoja alinifungulia kabati la dawa, akasimama pembeni bila kusema neno. Ndani mlikuwa na panadol na diklofenaki. Morfini, dawa ya maumivu makali, haikuwahi kuagizwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba anaruhusiwa kuiagiza. Kumfundisha mtu kuona maumivu kisha kumrudisha mahali asipoweza kuyatuliza ni kumtwisha mzigo. Siku hizi hatufungui darasa la wauguzi kabla ya kukaa na mfamasia wa wilaya na mganga mkuu.

Kuna upande mwingine, ambao mwanasosholojia wa Australia, Allan Kellehear, ameupigania tangu miaka ya 1990: kuuguza, kufa na kufiwa ni mambo ya maisha ya watu kabla hayajawa mambo ya hospitali. Mgonjwa anayeonana na tabibu nusu saa kwa mwezi, saa nyingine zote yuko na nani? Yuko na mke, binti, mpangaji wa chumba cha pili, mama muuza maandazi wa jirani. Hao ndio wahudumu wake, wamefundishwa au hawakufundishwa.

Na hapa kwetu tuna kitu ambacho nchi nyingi zinakitafuta. Karibu kila mtaa una chama cha kufa na kuzikana. Kina daftari, mweka hazina, maturubai, sufuria kubwa, viti, na mtu anayejua nani apigiwe simu kwanza. Mtu akifa saa tisa usiku, saa moja asubuhi uwanja umejaa. Lakini wiki sita kabla ya hapo, mke wa marehemu alikuwa peke yake akimgeuza mume mwenye kilo 70, hajalala, hajui kama maji anayompa yanamdhuru. Tumejipanga vizuri kwa msiba, kwa kuuguza bado. Mafunzo yetu, ukiyaondoa maneno ya kitaalamu, yanakiomba chama kilekile kifike wiki sita mapema.

Nani anafundishwa, na kwa kiasi gani?

Kila mtu kwa kiasi chake. Wananchi wa kawaida, viongozi wa dini, walimu na wajumbe wa mtaa wanapata siku moja au mbili. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii na watu wa kujitolea wanapata muda mrefu zaidi na kutembelea nyumba wakiwa na muuguzi mzoefu. Wauguzi, matabibu, madaktari na wafamasia wanajifunza kupima na kutuliza maumivu, kuandika morfini, kutoa habari mbaya, na kujua wa kumpa rufaa. Juu yao wapo wachache wanaosomea fani hii yenyewe. Taasisi ya mafunzo ya Hospice Africa Uganda, shirika la huduma shufaa lililoko Kampala, inatoa diploma na shahada kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Makerere, na Watanzania na Wakenya wamekwenda kusoma huko.

Tatizo ni kwamba pesa nyingi huishia ngazi ya juu. Ningekuwa mimi mwenye kugawa, ningeanzia chini.

Mimi si mtu wa afya. Nitafundishwa nini hasa?

Kazi za mikono kwanza. Maneno baadaye.

Utajifunza kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza, angalau kila saa mbili mchana, ili asipate vidonda vya kulala. Tunalaza mtu sakafuni darasani, tunachukua kanga mbili zilizokunjwa, tunakuonyesha zinakaa wapi: moja chini ya mgongo, moja katikati ya magoti. Kumvuta mgonjwa kwa mikono ni kumchuna ngozi, kwa hiyo anavutwa kwa shuka, watu wawili, kwa kuhesabiana. Katika darasa moja bibi wa miaka mingi alitusimamisha akasema, "Mnamgeuza kama gunia. Mwambieni kwanza." Akainama, akamgusa bega yule kijana aliyejilaza, akasema, "Baba, tunakugeuza upande wa dirisha." Tangu siku hiyo hilo ndilo somo la kwanza.

Utajifunza kusafisha mdomo wa mtu asiyekula tena. Kitambaa laini kwenye kidole, kichovywe kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, fizi, ulimi, ndani ya mashavu, kisha mafuta kidogo kwenye midomo. Mgonjwa anayekaribia kufa mara nyingi hasikii njaa, ila mdomo mkavu humsumbua sana. Ndugu wengi wanapojua hili wanapumzika, kwa sababu walikuwa wakilazimisha uji kwa kijiko huku mgonjwa akipaliwa, wakidhani wasipofanya hivyo watakuwa wamemwua kwa njaa. Mwili unaofunga safari hauhitaji chakula kama zamani. Kumpa matone machache anayoyataka ni upendo ule ule.

Utajifunza pia kidonda cha kansa kinachonuka. Harufu huwafukuza wageni, na mgonjwa anajua kwa nini hawaji. Muulize muuguzi juu ya metronidazo, dawa ya kuua vijidudu: vidonge husagwa unga laini ukanyunyizwa juu ya kidonda kilichosafishwa. Ndani ya siku chache harufu hupungua kwa kiasi cha kushangaza. Nimemwona mama akiomba apakwe wanja siku ya nne, kwa sababu mashoga zake walikuwa wamerudi kumtembelea.

Na utajifunza kupima maumivu kwa mkono. Ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu. Kidole kimoja ni kidogo, na vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Haihitaji kusoma wala kuandika, na mgonjwa aliyechoka kuongea anaweza kuinua vidole. Andika idadi hiyo kwenye daftari, asubuhi na jioni. Muuguzi akija ataanzia hapo.

Morfini si dawa ya kulevya? Si ndiyo wanayopewa wanaokufa?

Swali hili huulizwa na wananchi, na huulizwa vilevile na wataalamu wa afya, ingawa wao huuliza pembeni, wakati wa chai.

Morfini ni dawa ya maumivu makali. Inatoka kwenye afyuni, na ndiyo maana inadhibitiwa na sheria na mikataba ya kimataifa. Mgonjwa mwenye maumivu makali ya kansa anayepewa kipimo kinachoendana na maumivu yake ni nadra kuwa mraibu wa dawa za kulevya. Mwili wake huizoea, kweli, kwa hiyo haikatwi ghafla bali hupunguzwa kidogokidogo. Hilo si sawa na kijana anayetafuta unga. Nimepata wagonjwa waliotumia morfini miezi mingi, wakapata mionzi, uvimbe ukanywea, dawa ikapunguzwa hadi ikaachwa.

Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa anaweza kulala sana. Watu hushtuka. Mara nyingi analipa deni la usingizi wa wiki nzima. Kipimo kikianza chini na kupandishwa taratibu na mtaalamu, pumzi haizimiki kama inavyosimuliwa. Lakini ukiona hazinduki ukimwita, au anapumua polepole kuliko kawaida yake, usimpe dozi inayofuata, na mpigie muuguzi mara moja. Kitu ambacho hakikosi ni choo kigumu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanza siku moja na morfini. Vijijini ambako hakuna dawa hiyo, miongozo ya Shirika la Afya Duniani yenyewe inataja mbegu kavu za papai, hutafunwa usiku au husagwa zikanywewa na maji.

Morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi. Kipimo kinapangwa na aliyesomea. Usiongeze mwenyewe wala usimgawie jirani dawa ya mgonjwa wako. Chupa ifungiwe mbali na watoto, na inayobaki irudishwe kituoni.

Kwamba ni dawa ya wanaokufa, hapana. Ni dawa ya wanaoumia. Imepata sifa hiyo kwa sababu tunaitoa kwa kuchelewa.

Tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliyotoa ripoti yake mwaka 2017 ilikokotoa kuwa kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Hiyo ni kilo 100, karibu na gunia moja la mahindi, kwa nchi zote hizo pamoja. Morfini ya unga inayochanganywa na maji ni miongoni mwa dawa za bei nafuu. Kinachokwamisha zaidi ni woga, karatasi, na watu wasiofundishwa.

Kila mara mnaitaja Uganda. Walifanya nini?

Walisogeza mafiga yote kwa pamoja. Daktari Anne Merriman, aliyekuwa amefanya kazi Nairobi Hospice ilipofunguliwa mwaka 1990, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Alikuja na fomula ya morfini ya maji aliyoitumia Singapore: unga, maji, kihifadhi, na rangi ya kutofautisha nguvu, chupa ya kijani ikiwa nyepesi na ya waridi ikiwa kali zaidi. Rangi hizo ni jambo dogo lenye akili sana, kwa sababu bibi asiyejua kusoma hawezi kukosea chupa.

Lakini madaktari walikuwa wachache na wako mjini. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa, wauguzi na matabibu waliopitia mafunzo maalumu ya miezi 9 wakaruhusiwa kuandika morfini. Uganda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwapa wauguzi ruhusa hiyo. Serikali ikatoa dawa bila malipo. Ona mpangilio huo: kozi iliandaliwa ili sheria ipate watu wa kuitumia, na sheria ikabadilishwa ili kozi isiwe ya bure. Mafunzo yetu mengi hayana mwenza wa namna hiyo.

Tanzania hatukuanza jana. Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa ikitoa morfini ya maji kwa wagonjwa wake, na hospitali za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, kuanzia Selian kule Arusha, zilipeleka huduma majumbani. Arusha hiyohiyo ndiko Jumuiya ya Huduma Shufaa Afrika ilikozaliwa mwaka 2004, ingawa ofisi zake ziko Kampala. Ujuzi upo. Haujashuka hadi zahanati.

Je, kuna mahali ambapo wananchi wenyewe wameibeba kazi hii?

Kerala, kusini mwa India. Mwaka 1993 madaktari wachache wa mji wa Kozhikode, akiwamo M. R. Rajagopal na Suresh Kumar, walianzisha kliniki ya maumivu. Baada ya miaka michache waliona kwamba wagonjwa wa mbali huja mara moja na hawarudi, kwa sababu hawana nauli au hawawezi tena kukaa kwenye basi. Wakawageukia majirani. Aliyeweza kutoa walau saa mbili kwa wiki aliandikishwa, akafundishwa saa 16 darasani na siku nne akiwa na timu ya wauguzi, kisha akapimwa. Kila kitongoji kiliwatafuta wagonjwa wake na kuchangisha pesa ndogondogo, za wenye maduka, wanafunzi, abiria. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikaandika sera ya jambo ambalo wananchi walikuwa wakilifanya tayari.

Napenda kuwaeleza watu wa vyama vya kufa na kuzikana habari hii, kwa sababu wanaielewa kabla sijamaliza. Mweka hazina mmoja aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo zile saa mbili, tunaziandika kwenye daftari kama michango?" Ndiyo. Chama chake sasa kina safu mbili, ya shilingi na ya saa.

Familia inasema mgonjwa asiambiwe ukweli. Mnafundisha nini?

Hili linachukua nusu siku nzima ya darasa, na halitoshi.

"Sista, usimwambie, atakufa kwa presha." Kila muuguzi ameisikia sentensi hii mlangoni. Anayeisema anampenda mgonjwa, kwa hiyo hatumkemei. Tunamwuliza: wewe unahofia nini akijua? Na yeye, amewahi kukuuliza chochote? Halafu tunaomba ruhusa ya kukaa na mgonjwa na kumsikiliza.

Nilimuuguza mzee mwenye kansa ya koo la chakula. Wanawe watatu walikuwa wameniapisha. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamwuliza, "Mzee wangu, wewe mwenyewe unauelewaje ugonjwa huu?" Akaangalia mlango kama umefungwa. Akasema, "Mimi najua. Nimenyamaza kwa sababu wao hawataki nijue. Nina deni la watu wawili, na mpaka wa shamba na ndugu yangu haujawekwa." Walikuwa wakifichana jambo moja ndani ya nyumba moja kwa miezi. Mpaka uliwekwa Jumamosi ile, mzee akiwa amekalishwa kwenye kiti chini ya mwembe, akionyesha kwa fimbo.

Darasani tunafanya maigizo. Mmoja ni mgonjwa, mmoja muuguzi, mmoja shangazi asiyetaka kusikia. Tunajizoeza kuuliza kwanza anachokijua, kisha kiasi gani anataka kujua, kisha kusema kidogo kwa maneno ya kawaida na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda watu. Sekunde kumi zikipita mtu anakurupuka na "utapona tu, inshallah" au "usifikirie hayo", na mlango uliokuwa umeanza kufunguka unafungwa. Kuna mgonjwa asiyetaka kujua. Huyo naye ana haki yake, mradi aulizwe yeye.

Viongozi wa dini wanahusikaje?

Mara nyingi wanaitwa kabla ya muuguzi, na neno lao lina uzito kuliko langu. Hofu ya kwanza ninayoisikia kwa masheikh na wachungaji ni kwamba kupunguza maumivu ni kuingilia majaliwa, au kwamba dawa itamziba mtu akili asiweze kutubu. Jibu langu huwa la kitandani. Mwenye maumivu ya vidole vitano hawezi kuswali, hawezi kuungama, hawezi hata kusikiliza aya. Kipimo sahihi humwacha macho, akaweza kutamka shahada au kupokea mpako wa wagonjwa akijua anachofanya. Kanisa Katoliki lilikwisha kulisema jambo hili tangu Papa Pius XII mwaka 1957, kwamba kutuliza maumivu kunaruhusiwa.

Nao wanatufundisha. Imamu mmoja alitueleza kwamba aingiapo kwa mgonjwa hukaa upande ambao mgonjwa hatalazimika kugeuza shingo. Tumeliingiza kwenye somo.

Tunachowaomba wasifanye ni kuwaambia watu waache dawa ili kuonyesha imani. Hilo nalisema wazi, mbele yao, kila darasa.

Na waganga wa tiba asili?

Tunawaalika. Wagonjwa wetu wako kwao tayari. Tunakubaliana mambo machache: wasichanje uvimbe, wasizuie dawa za hospitali, na wakimwona mtu anakonda au ana uvimbe unaokua wamlete mapema.

Ni ya kansa tu?

Hapana. Moyo kushindwa kazi, figo, kiharusi, UKIMWI, kifua kikuu sugu, selimundu, uzee wenye kusahau, mtoto aliyezaliwa na ulemavu mzito. Wote hao.

Watoto nao?

Ndiyo, tangu wachanga. Kwa muda mrefu watu walidhani mtoto mdogo hasikii maumivu kama mkubwa. Anasikia. Asiyeweza kuongea tunamsoma usoni, miguuni anavyoikunja, na namna anavyolia. Na kama mgonjwa ni mama, watoto wake wasipelekwe kwa ndugu "wasione". Wanaona. Waambieni kwa maneno yao, wapeni kazi ndogo kama kumshikia mama kikombe.

Kuna cheti? Kuna posho?

Cheti cha kuhudhuria kipo. Posho ya kukaa darasani hatutoi, ila nauli na chakula tunagharamia. Najua swali hili linawaletea watu aibu kuliuliza, na sioni sababu. Muda wa mama anayeuza mboga ni mtaji. Tunachokwepa ni darasa linalojaa kwa ajili ya bahasha na kutoacha mtu hata mmoja wa kwenda kumgeuza mgonjwa. Kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii msimamo wetu ni tofauti: hao wanastahili malipo ya kila mwezi kutoka mfumo wa serikali, na tunalisema hilo kwenye kila kikao cha halmashauri tunachoitwa.

Mnajuaje kama mafunzo yamefaa?

Idadi ya waliofundishwa hainiambii kitu. Natazama daftari la vidole. Mgonjwa alipopokelewa aliinua vinne, baada ya siku tatu ameinua vingapi? Natazama rejesta ya morfini ya hospitali ya wilaya, kama imesogea. Nauliza kila aliyefiwa, baada ya muda, kama kulikuwa na usiku ambao hakuwa na mtu wa kumpigia. Usiku huo mmoja ukitajwa, tunarudi kuuliza mnyororo ulikatikia wapi.

Baada ya maziko mnaendelea?

Tunajitahidi. Siku tatu za matanga nyumba imejaa, arobaini watu wanarudi, na katikati ya hapo mjane yuko peke yake na kitanda kilicho wazi. Tunamwomba mtu mmoja wa chama apite wiki ya pili na ya sita, bila ajenda. Wengi wanaotaka kuongea huongea juu ya jambo moja dogo walilodhani walikosea: dozi waliyoichelewesha, dakika walizotoka nje kuchota maji naye akakata roho. Mweleze alichokifanya vizuri, ukikitaja kwa jina.

Wanaouguza wakichoka wao?

Watachoka. Wauguzi wetu hukaa Ijumaa moja kila mwezi, wakataja majina ya waliofariki na kuyaacha hapo. Mimi nililia kwenye kikao cha tatu, juu ya mama yangu, ambaye miaka mingi kabla sijaijua fani hii alirudishwa nyumbani kutoka hospitali kubwa na pakiti ya panadol na maneno "hakuna la kufanya tena". Alikuwa na kansa ya shingo ya kizazi. Wakati ule niliwaamini.

Mgonjwa wangu yuko ndani sasa hivi na sijafundishwa chochote. Nifanye nini leo?

Mwulize anaumwa vidole vingapi, na wapi. Andika, pamoja na saa. Kama ni vitatu au zaidi, piga simu zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wasomee ulichoandika, na uliza kwa jina: "Nani hapa anaweza kuandika morfini, au mnanipa rufaa kwa nani?" Ukijibiwa kwamba haipo, uliza hospitali ya wilaya. Usikubali jibu la mtu mmoja.

Kama ana dawa tayari, ziandike zote kwenye karatasi moja na saa zake, uibandike ukutani ili mtu mwingine akishika zamu asibahatishe. Msafishe mdomo. Mgeuze, ukimwambia kwanza unamgeuza upande gani. Mwulize kama kuna mtu anayetaka kumwona au kuongea naye kwa simu, na kama yupo, piga leo.

Ukimaliza, nenda kwa jirani mmoja unayemwamini au kwa katibu wa chama chenu. Usimwambie "tuombeeni" ukaishia hapo. Mwambie unahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa kuanzia saa nne usiku hadi saa nane, ili ulale.